Mkimbiaji wa Nne

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanne. Watatu kati yao huvaa jezi ya Kenya siku ya marathoni ya Olimpiki. Wa nne hubaki nyumbani akingoja simu. Kila baada ya miaka minne sisi hapa Uasin Gishu hugombana kuhusu wale watatu: nani kaonewa, nani kapendelewa, nani jina lake limebebwa na sifa za zamani. Tunagombana dukani, tunagombana kwenye matatu, tunagombana hata matangani. Yule wa nne hatumtaji. Mimi naja na hoja kwamba kazi ya kuchagua kikosi inapimwa kwa huyo wa nne, na kwamba tukienda Los Angeles mwaka 2028 bila kulielewa hilo, tutakuwa tumeacha medali mezani.

Nimetaja Los Angeles, basi niingilie hapohapo. Katika michezo ya 2028 mji huo utapokea pia mchezo wa besiboli, ambao unarudi kwenye Olimpiki. Wengi wetu hatuujui, lakini ndani yake kuna kazi moja inayofanana mno na kazi ya wateuzi wetu wa marathoni. Katika besiboli kuna mrushaji. Yeye ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na kila tukio la mchezo huanzia mkononi mwake. Kurusha kwa nguvu namna hiyo huumiza bega na kiwiko, kwa hiyo mrushaji anayeanza mchezo leo hupumzishwa siku nne au tano kabla ya kuanza tena. Ligi kuu ya Marekani ina michezo 162 kwa kila timu katika msimu wa kawaida, na ndiyo maana timu huwa na warushaji watano wanaopokezana zamu. Ukifika mwezi wa Oktoba, wakati wa mtoano, kocha huwapunguza. Sasa anahitaji watatu, pengine wanne. Amwache nani? Yule aliyeshinda sana mwezi wa Mei lakini mkono umechoka? Amchukue kijana aliyewaka mwezi wa Septemba? Amheshimu mkongwe aliyewahi kuwapa ubingwa?

Msikilizaji, si umeshausikia ugomvi huo mahali?

Oktoba 27, 2025, Dodgers wa Los Angeles walikuwa wakicheza na Blue Jays wa Toronto, mchezo wa tatu wa fainali. Mchezo wa kawaida una vipindi tisa. Huo ulikwenda vipindi 18. Kocha alimaliza karibu warushaji wake wote, akabakiwa na mtu wa mwisho kabisa kwenye benchi, Will Klein, ambaye hakuwa hata kwenye orodha ya raundi zilizotangulia. Klein akaingia, akarusha mipira 72, vipindi vinne vizima, na Toronto hawakupata hata alama moja kwake. Dodgers wakashinda mchezo ule, na siku chache baadaye wakatwaa ubingwa. Katika mazungumzo yote ya wiki nyingi kuhusu nani aanze na nani aachwe, hakuna aliyekuwa akilibishania jina la Klein. Hata hivyo alikuwapo, mkono wake ulikuwa tayari, na mtu alikuwa amefanya kazi ya kumweka tayari.

Sasa turudi nyumbani.

Sheria ya Olimpiki inaruhusu wakimbiaji watatu tu wa marathoni kwa kila nchi, wanaume watatu na wanawake watatu. Kwa nchi nyingi idadi hiyo ni kubwa kuliko watu walio nao. Kwetu ni mateso. Kwa Paris 2024 kiwango cha kufuzu kilikuwa saa 2, dakika 8 na sekunde 10 kwa wanaume, na saa 2, dakika 26 na sekunde 50 kwa wanawake. Simama asubuhi kando ya barabara ya vumbi inayotoka Kesses kuelekea upande wa Kaptagat, utapishana na makundi ya watu, na ndani ya kila kundi huenda yumo mtu mwenye mguu wa kukifikia kiwango hicho. Chama cha riadha, AK, kilianza na orodha ndefu ya majina, miongoni mwao Eliud Kipchoge na Kelvin Kiptum. Halafu usiku wa Februari 11, 2024, barabarani karibu na Kaptagat, ajali ikatunyang'anya Kiptum pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Miezi minne kabla yake, kule Chicago, alikuwa amekimbia saa 2 na sekunde 35, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia kabla yake kwenye marathoni rasmi. Kwa watu wa pande hizi kidonda hicho bado kibichi. Nakitaja kwa sababu kila hesabu ya kikosi cha Paris ilifanywa huku nafasi yake ikionekana wazi.

Mwezi wa Mei majina yakatangazwa. Wanaume: Kipchoge, Benson Kipruto na Alexander Mutiso. Wanawake: Peres Jepchirchir, Hellen Obiri na Brigid Kosgei. Wa akiba upande wa wanawake akawa Sharon Lokedi.

Ukiyaangalia majina hayo kwa karatasi, huna neno. Kipruto alikuwa ameshinda Tokyo mwezi wa Machi kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 16. Mutiso alikuwa ameshinda London mwezi wa Aprili, akimwacha Kenenisa Bekele nyuma yake. Jepchirchir alishinda London siku hiyohiyo kwa saa 2, dakika 16 na sekunde 16, wakati huo rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Obiri alishinda Boston kwa mara ya pili mfululizo. Na Kipchoge, basi, ni Kipchoge: dhahabu Rio, dhahabu Sapporo wakati wa michezo ya Tokyo, bingwa mara mbili anayetetea taji. Ni mteuzi gani angemfuta?

Lakini njia ya Paris ilikuwa na maneno yake. Waliitoa jijini hadi Versailles na kuirudisha, kwa kumbukumbu ya wanawake wa Paris walioandamana hadi kwa mfalme Oktoba 1789, na katikati yake wakaweka milima. Jumla ya kupanda ilikuwa mita 436, na mahali pengine mwinuko ulifika asilimia 13.5. Wala hapakuwa na wawekaji kasi wa kukukatia upepo hadi kilomita ya 30. Mkulima wa Kesses hachagui mbegu ya mahindi kwa kuangalia tu gunia la jirani wa bondeni. Anauliza shamba lake liko mwinuko gani, mvua yake inaanza lini, baridi yake ikoje, ndipo anaamua kama ni mbegu ya 614 au nyingine. Mbegu iliyotoa magunia mengi kule chini inaweza kukataa huku juu. London na Tokyo ni mashamba ya bondeni. Paris lilikuwa shamba la juu.

Na tazama lilivyotoa. Agosti 10, wanaume. Kipchoge, miaka 39, aliachwa mapema, akatembea, na baada ya kilomita ya 30 akatoka njiani akilalamikia mgongo, ndio mara ya kwanza asimalize marathoni. Mutiso, bingwa wa London, akamaliza wa 21. Kipruto, ambaye mbali na Tokyo alikuwa amewahi kushinda Boston mwaka 2021, mbio za milima, akapata shaba. Agosti 11, wanawake. Obiri, malkia wa Boston na mshindi wa New York 2023, akapata shaba. Jepchirchir akawa wa 15. Ningependa kukuambia kwamba kila mtu wa milima alifaulu na kila mtu wa tambarare alianguka, lakini Jepchirchir mwenyewe alishawahi kushinda New York na Boston, tena kwa ushujaa. Kwa hiyo milima haikuamua kila kitu. Iliamua mengi.

Sasa yule wa nne. Brigid Kosgei alijiondoa kwenye kikosi muda mfupi kabla ya mbio. Simu ikaenda kwa Sharon Lokedi. Lokedi, mshindi wa New York 2022, aliyekuwa amemaliza nyuma ya Obiri pale Boston mwezi wa Aprili kwa sekunde nane tu, akaenda Paris akamaliza wa nne. Sekunde nne zilimtenganisha na shaba ya Obiri. Mkimbiaji wa akiba aliwapita wanawake wote wa dunia isipokuwa Sifan Hassan, Tigst Assefa na Mkenya mwenzake. Na mwaka uliofuata, Aprili 2025, alirudi Boston akashinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 22, akavunja rekodi ya njia ile. Huyo ndiye tuliyekuwa tumemweka wa akiba.

Upande wa wanaume nani alichukua dhahabu? Tamirat Tola wa Ethiopia. Na Tola alikuwa nani katika kikosi cha Ethiopia? Alikuwa wa akiba. Nchi yake ilikuwa imemchagua Sisay Lemma, mwenye saa 2, dakika 1 na sekunde 48 ya Valencia, aliyeshinda Boston mwezi wa Aprili. Lemma akaumia, Tola akaitwa. Mtu huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2022, na Novemba 2023 alikuwa amevunja rekodi ya njia ya New York, ile njia ya madaraja na vilima. Alipofika kwenye milima ya Versailles akaondoka peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26, rekodi ya Olimpiki. Kwa maneno mengine, dhahabu ya marathoni ya wanaume ilichukuliwa na mtu ambaye hadi wiki chache kabla yake alipangiwa kutazama mbio kwenye televisheni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naliona likipita hivihivi. Watu walizungumza juu ya Kipchoge, na walikuwa na haki, maana ni mtu tunayempenda. Lakini Ethiopia walituonyesha kitu kuhusu utaratibu. Tola hakuwa mtu wa kujaza nafasi. Alikuwa amefanya mazoezi yote kama aliyechaguliwa, na alikuwa na aina ya miguu ambayo njia ile iliidai. Mteuzi aliyemweka wa nne, kwa kujua au kwa bahati, alikuwa ameweka mtu tofauti kidogo na watatu wa mbele, wala hakuwa nakala ya wa tatu.

Nirudi nyuma kidogo, maana haya hayakuanza Paris. Mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London, nchi hii ilikuwa na hazina ambayo sidhani itapatikana tena kirahisi. Patrick Makau alikuwa na rekodi ya dunia, saa 2, dakika 3 na sekunde 38, aliyoiweka Berlin mwaka uliotangulia. Geoffrey Mutai alikuwa amekimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya jinsi njia ile ilivyo. Wote wawili waliachwa nje. Aprili ile Mutai hakumaliza Boston, siku ya joto kali. Makau hakumaliza London. Waliochukuliwa ni Wilson Kipsang, aliyeshinda London, Moses Mosop, na Abel Kirui, bingwa wa dunia wa 2009 na 2011. Kelele zilipigwa. Mwenye rekodi ya dunia anaachwaje? Kirui, ambaye London ya Aprili alimaliza wa sita, anapewaje nafasi?

Mimi nawatetea wateuzi wa mwaka ule kuhusu Kirui, na nawatetea kwa moyo wote. Marathoni ya ubingwa haifanani na marathoni ya Berlin. Hakuna mwekaji kasi, kundi linakwenda polepole halafu ghafla mtu anapasuka kama risasi, jua liko juu, na anayeshinda ni anayejua kungoja. Kirui alikuwa ameshinda namna hiyo mara mbili. Akalipa kwa medali ya fedha. Kipsang akapata shaba baada ya kuwaacha wenzake mapema mno, naye akalipia ujasiri huo mwishoni. Na Mosop? Aliumia. Nafasi yake akapewa Emmanuel Mutai, mshindi wa London 2011, akamaliza wa 17.

Kwa hiyo wa akiba si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2008 pia, Robert Cheruiyot alipojiondoa, aliitwa Luke Kibet, bingwa wa dunia wa Osaka 2007, mwenzetu aliyekuwa amepigwa jiwe kichwani hapa Eldoret katika zile siku za giza za ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007. Beijing hakumaliza. Siku hiyo dhahabu yetu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa wanaume ililetwa na kijana wa miaka 21, Samuel Wanjiru, aliyekimbia katika joto lile kana kwamba hakuambiwa kuna joto. Mara mbili, basi, wa akiba wetu waliitwa na hawakutamba. Mara ya tatu, Paris, nusura tupate medali kutoka kwa Lokedi. Ninachokisoma hapo ni kwamba wa nne akichukuliwa kama kiraka, ataitikia kama kiraka.

Na dhahabu ya London 2012, kwa wasiokumbuka, ilikwenda wapi? Ilikwenda Uganda, kwa Stephen Kiprotich wa Kapchorwa. Kiprotich alikuwa akifanya mazoezi papa hapa petu, katika kundi la Kaptagat pamoja na Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang. Karibu kilomita ya 37 akawapita Kirui na Kipsang. Barabara zetu, mvua yetu, ugali wetu, na dhahabu ikavuka mpaka wa Malaba. Sina wivu naye, alistahili. Lakini ilionyesha kwamba njia ile ya London, yenye kona nyingi na mawe ya kale, ilimtaka mtu wa aina fulani, na mtu huyo alikuwa akipita mbele ya macho yetu kila Alhamisi kwenye mbio ndefu. Septemba 2025 ikawa zamu ya Tanzania: Alphonce Simbu alishinda ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa kumpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016. Miaka tisa amekuwa akijifunza jinsi mbio za ubingwa zinavyokimbiwa. Majirani zetu hawana wingi tulio nao, wanamjua mtu wao mmoja, na wanamwandaa kwa siku moja.

Kuna wanaosema suluhisho ni mchujo. Tuwape wote siku moja, njia moja, watatu wa kwanza waende, basi, hakuna kulalamika. Marekani hufanya hivyo. Februari 3, 2024, walikimbia mchujo wao jijini Orlando. Conner Mantz na Clayton Young waliotangulia pale walikwenda Paris wakamaliza wa nane na wa tisa, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Aliyeshinda upande wa wanawake, Fiona O'Keeffe, alifika Paris na jeraha, akatoka mapema. Mchujo unaonyesha nani alikuwa mzima Februari. Wa Agosti haumwoni. Kwetu kuna shida nyingine kubwa zaidi: mshindi wa Boston hulipwa dola 150,000, na mkimbiaji wetu ana marathoni mbili kwa mwaka, tatu akijitesa. Ukimwambia aache Boston aje akimbie mchujo kwenye vumbi la Eldoret, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, unamwambia atoe ada ya shule ya watoto wake na ng'ombe wa babake awekeze kwenye bahati. Uteuzi wa mezani utabaki. Kinachotakiwa ni meza hiyo iwe wazi.

Iwe wazi vipi? Mimi ningependa kuona AK inaandika, mwaka mzima kabla, ni vitu gani itavipima. Njia ya Los Angeles ikijulikana, iseme: njia ni ya namna hii, joto la Julai ni la namna hii, hivyo tutawapa uzito waliofanya vizuri kwenye njia inayofanana nayo. Iseme uzoefu wa ubingwa utahesabiwa kiasi gani dhidi ya muda. Iseme siku ya mwisho ya kuangalia hali ya mwili ni lini, maana mtu aliyeshinda mwezi wa Machi na mtu aliyeshinda mwisho wa Aprili hawafiki siku ya mbio na miguu ileile. Kocha wa besiboli anajua ni mipira mingapi mrushaji wake amerusha wiki hii. Hata watoto wa Uganda, wale wa Lugazi waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya besiboli kule Williamsport mwaka 2012, walicheza chini ya sheria inayomtaka mtoto aliyerusha mipira 66 au zaidi apumzike siku nne. Imeandikwa, kila mzazi anaisoma. Sisi tunaacha hesabu ya miguu ya mabingwa kwenye vichwa vya watu wachache, halafu tunashangaa raia wakinung'unika.

Halafu kuna jambo la vipimo vya dawa, ambalo watu wengi hawajui jinsi linavyofunga mlango wa wa nne. Kwa sababu ya matatizo yetu ya dawa za kusisimua misuli, Kenya imewekwa katika kundi la nchi za hatari zaidi, na mwanariadha wetu hawezi kushiriki mashindano makubwa ya dunia bila kupimwa angalau mara tatu, nje ya mashindano na bila taarifa, katika miezi kumi inayotangulia. Sheria hiyo ni ya haki. Naiunga mkono bila kusita. Lakini maana yake ni kwamba huwezi kuamka Julai ukamwita kijana aliyewaka ghafla. Kama hakuwa kwenye orodha ya kupimwa tangu mwaka uliopita, amekwisha, hata akimbie kama upepo. Wa nne, wa tano na wa sita lazima wachaguliwe mapema, waambiwe, wafuatwe na wapimaji nyumbani kwao, waandike kila siku watakapolala. Ni mzigo. Mtu anaubeba kwa miezi kumi kwa ajili ya nafasi ambayo huenda isije.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye kitu kinachoniuma. Fikiria maisha ya wa akiba hapa kwetu. Chukua kalenda ya Paris: mwezi wa Mei ametajwa wa nne. Anatakiwa afanye mazoezi kama anayekimbia Agosti: Jumanne kasi kwenye uwanja, Alhamisi kilomita 30 au 40 msituni, kocha wake akipanga kila kitu kwa siku moja ile. Akifanya hivyo kikamilifu, mbio za Berlin za Septemba zimempita, kwa sababu mwili hauwezi kufikia kilele Agosti na Septemba pia. Akiamua kujiandalia Berlin, basi simu ikija mwisho wa Julai itamkuta katikati ya njia, hajafika huku wala kule. Wengi watafanya lipi? Watafuata Berlin, kwa sababu Berlin inalipa na kungoja hakulipi. Sitamlaumu hata mmoja. Ana familia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoshika bajeti ya timu ya taifa, Nairobi na hapa Uasin Gishu, ni la shilingi na senti. Wa akiba wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, walipwe fidia ya msimu waliouacha. Isiwe posho ya chai. Iwe kiasi ambacho wakala wake akikiangalia hatamshawishi aende Berlin. Waingie kambini na watatu wenzao siku ileile, wapewe viatu na jezi siku ileile, mtaalamu wa misuli awashike nao. Wasafiri hadi mji wa mashindano, waitembee njia, wajue mlima uko kilomita ya ngapi na maji yako upande gani. Majina yao yatangazwe pamoja na wenzao kwenye redio, na sisi watangazaji tuyasome kwa sauti ileile. Usiku wa kuamkia mbio, mmoja wa wale watatu akihisi msuli unavuta, aweze kusema ukweli bila kuogopa kwamba nafasi ya Kenya itapotea bure, maana chumba cha pili yupo mtu aliye tayari kabisa. Mara ngapi mkimbiaji ameanza mbio akijua ni mgonjwa, kwa kuwa tu hakukuwa na wa kumwachia namba?

Kikosi cha 2028 kitaanza kupangwa mwaka 2027, baada ya mashindano ya dunia ya Beijing. Kama orodha ya kupimwa itaandikwa wakati huo, basi wa nne wetu yuko barabarani leo hii, pengine anapita mbele ya nyumba yako ukinisikiliza, na huenda hata hajasikia kwamba kuna orodha. Nitaziandikia ofisi zinazohusika, na wiki ijayo muda kama huu nitawasomea barua hiyo hapahapa, pamoja na jibu lolote nitakalokuwa nimepata.